Maswali ya Wasomaji: Redio Iliyoitikiwa Ikadhani Haikusikiwa

Barua za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: mitambo isiyo na waya inaonyesha mawimbi mazuri, lakini kazi haiendi. Tumezijibu pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Redio ikituma fremu, yaani kipande kimoja cha data, haiendelei na safari yake; hungoja iitikiwe, kama mtu aliyeita jina akisubiri "naam" au "abee". Itikio hilo ni dogo. Kwenye Wi-Fi ni baiti 14 tu. Lakini likichelewa, likipotea, au likiombwa pasipo haja, hula muda wa hewani kuliko data yenyewe. Kwenye skrini za vifaa utaliona limeandikwa ACK. Humu tutaliita itikio.

Nimefunga linki ya 5 GHz kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita 11 kwa kipimo cha ramani, na sehemu ya njia inapita juu ya maji ya ghuba. Antena ni za dishi. Mawimbi ni -61 dBm pande zote mbili, kelele -95. Redio hizi hizi mezani zilinipa megabiti 90 kwa sekunde, sasa zinanipa 2 hadi 4, na ping (muda wa kwenda na kurudi) inaruka kutoka milisekunde 5 hadi 300. Nimebadili chaneli mara nne, nimebadili hata kebo. Nifanyeje? (Fundi, Mikindani)

Ndugu fundi, -61 juu ya kelele ya -95 ni tofauti ya desibeli 34, na hiyo inatosha kabisa. Achana na kebo na chaneli, wala usiongeze nguvu ya kutuma. Redio zako zinakata tamaa kabla itikio halijafika.

Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja. Kilomita 11 ni maikrosekunde 37 hivi kwenda na 37 kurudi, jumla 73. Redio ya upande wa pili ikishapokea fremu, kwenye 5 GHz hutulia maikrosekunde 16 halafu huitikia. Zilipokuwa mezani, mtumaji alianza kulisikia itikio maikrosekunde 16 na ushei baada ya kumaliza kutuma. Sasa linaanza kumfikia baada ya 89. Ikiwa muda wa kungoja umeachwa kama ulivyotoka kiwandani, yaani kwa matumizi ya ndani ya nyumba na uani, mtumaji amekwisha kuamua kwamba fremu imepotea na ameanza kuituma tena. Itikio la kweli linamkuta yuko hewani, hasikii. Mikindani inapokea fremu ile ile mara mbili, mara tatu, mpaka kikomo cha marudio, ambacho kwa redio nyingi ni 7. Inatupa nakala zote isipokuwa moja, na kila nakala inaiitikia bure.

Kisha linakuja lililo baya zaidi. Ndani ya redio kuna programu inayochagua kasi ya kutuma kwa kuhesabu fremu zilizoitikiwa. Haijui kwamba itikio limechelewa. Inachoona ni kwamba halikuja. Basi inashusha kasi, na ikishusha bado haiitikiwi kwa wakati, inashusha tena, hadi megabiti 6 au 6.5. Fungua ukurasa wa hali ya redio uangalie mambo mawili: kasi ya kutuma na hesabu ya marudio. Mawimbi yakiwa -61 huku kasi imeganda chini kabisa na marudio yanakaribia wingi wa fremu zilizotumwa, huna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Dawa yake iwekwe pande zote mbili, kwa kuwa kila upande ni mtumaji na kila upande unangoja. Anza na upande wa mbali usije ukajikatia njia ya kuufikia. Kwenye redio za Ubiquiti na MikroTik tafuta mpangilio ulioandikwa Distance, uutoe kwenye hali ya kujipimia wenyewe na uandike umbali. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, weka `option distance '11500'` katika sehemu ya redio ndani ya `/etc/config/wireless`, kisha `wifi reload`. Au ujaribu kwanza kwa `iw phy phy0 set distance 11500`. Hapo namba ni mita, si kilomita, na kosa hilo hutokea sana: mtu anaandika 11 halafu anashangaa hakuna kilichobadilika. Programu hupanda kwa hatua za mita 450, kila hatua maikrosekunde 3. Mita 11,500 ni hatua 26, sawa na maikrosekunde 78, dhidi ya 73 unazohitaji. Akiba ya 5 inatosha.

Pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kati ya kompyuta mbili zilizochomekwa kwa kebo nyuma ya redio, sekunde 60 kwenda na sekunde 60 kurudi ukiongeza `-R`. Halafu shusha umbali hatua moja moja. Utafika mahali marudio yanapanda ghafla. Rudi juu hatua mbili, acha hapo. Muda ukiwa mfupi mno linki huporomoka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa shimo. Ukiwa mrefu mno hupungua polepole, kwa sababu kila fremu iliyopotea kweli inamfanya mtumaji akae kimya kwa muda usio na faida. Kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa urefu.

Neno moja kuhusu maji. Kama kasi inapanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa, na hali inakuwa mbaya zaidi siku za bamvua kuliko za maji mafu, hilo si suala la itikio. Ni mawimbi yanayoakisiwa na uso wa bahari na kuyaua yale yanayokuja moja kwa moja. Kwa kilomita 11 kwenye 5.8 GHz, mstari wa kuonana unatakiwa kupita juu ya maji ya juu kabisa kwa mita 9 hivi katikati ya njia: 7 za nafasi ya mawimbi na karibu 2 za mviringo wa dunia. Siku mbili za kuandika kipimo cha mawimbi kila nusu saa pembeni ya ratiba ya maji zitakuambia ni lipi kati ya mawili.

Nasoma mawasiliano. Mwalimu alisema tukiongeza umbali kwenye mipangilio tunapunguza kasi, na pia kwamba redio ya megabiti 300 haitoi 300 hata ikiwa chumba kimoja na mwenzake. Naomba hesabu, si maneno. (Mwanafunzi, Masasi)

Mwalimu wako yuko sahihi kwa yote mawili, na hesabu ni hii.

Chukua fremu moja yenye baiti 1,500 za data kwa kasi ya megabiti 300. Data na vichwa vyake huchukua maikrosekunde 41. Dibaji inayotangulia ili mpokeaji ajiweke sawa, 40. Utulivu kabla ya itikio, 16. Itikio lenyewe kwa megabiti 24, maikrosekunde 28. Kabla ya fremu inayofuata redio husikiliza kwa 34, kisha hungoja zamu kwa bahati nasibu: vipande 7.5 kwa wastani, kila kimoja maikrosekunde 9, jumla 67.5. Ukijumlisha unapata karibu 226, na katika hizo data ni 41 peke yake. Biti 12,000 kwa maikrosekunde 226 ni megabiti 53 kwa sekunde. Redio ya zamani ya megabiti 54, kwa hesabu hiyo hiyo, hutoa kama 30. Umenunua kasi mara tano na nusu, umepata ongezeko la chini ya mara mbili, kwa sababu kilichoharakishwa ni data na si adabu za kuitana na kuitikiana.

Dawa iliyokuja na toleo la Wi-Fi liitwalo 802.11n mwaka 2009 ni kukusanya fremu nyingi katika fungu moja na kuliitikia fungu zima mara moja. Itikio la fungu ni baiti 32, na ndani yake kuna biti 64, kila biti ikisema fremu fulani imefika au haikufika. Zilizokosekana ndizo zinazorudiwa peke yake. Fungu la 802.11n halizidi baiti 65,535, kwa hiyo fremu za baiti 1,500 zinaingia 42. Data na dibaji huwa maikrosekunde 1,769, itikio la fungu 32, na mengine yanabaki vile vile: jumla 1,918 hivi. Hapo unapata megabiti 260. Redio ile ile, antena ile ile.

Sasa tia umbali, twende na linki ya Mikindani. Unapoweka mita 11,500, kwenye redio nyingi zinazoendeshwa na Linux kinachorefuka si muda wa kungoja itikio pekee. Hata kile kipande cha kungojea zamu kinarefuka kwa maikrosekunde 78, kutoka 9 hadi 87. Wastani wa kungoja zamu unakuwa 652 badala ya 67.5, na muda wa kusikiliza 190 badala ya 34. Ongeza 73 za safari. Fremu moja moja sasa inagharimu maikrosekunde 1,040, yaani megabiti 11.5. Fungu la fremu 42 linagharimu 2,732, yaani megabiti 184. Haya ni makadirio ya juu kabisa bila upotevu wowote, lakini tofauti kati ya 11.5 na 184 inaeleza kwa nini kwenye linki ndefu mkusanyo wa fremu hauwezi kuwa nyongeza ya anasa.

Na mkusanyo huzimwa kirahisi bila mtu kujua. Ukizima WMM, mpangilio wa kuipa trafiki vipaumbele, hakuna fungu. Ukichagua usimbaji wa TKIP badala ya AES, redio hurudi kwenye kasi za zamani. Trafiki iliyotiwa alama ya sauti mara nyingi haikusanywi kabisa, kwa hiyo programu inayotia alama hiyo kwenye kila kitu "ili iende haraka" inaichelewesha njia nzima. Na ikiwa fremu nyingi zinaharibika njiani, fungu refu linageuka mzigo: zilizofika salama hungoja iliyokosekana irudiwe ndipo zipelekwe mbele kwa mpangilio, na simu za sauti zinaanza kukatika. Hapo fupisha fungu, au tengeneza antena.

Angalia pia kasi ya msingi, maana itikio hufuata kasi za msingi zilizowekwa, si kasi ya data. Kwa megabiti 6 itikio ni maikrosekunde 44, kwa 24 ni 28. Kwenye 2.4 GHz, kifaa cha zamani kinachotumia megabiti 1 huitikiwa kwa maikrosekunde 304. Kwenye OpenWrt, `option legacy_rates '0'` huondoa kasi hizo za kale. Hakikisha kwanza hakuna mizani au printa ya ghalani inayozitegemea.

Tuna redio moja kubwa Newala, ukingoni mwa mlima, inayohudumia maghala manane ya korosho bondeni, la karibu kilomita 3, la mbali 18. Siku za kawaida sawa. Siku za mnada wote wanapoingia kwa pamoja, mtandao unakufa, ingawa mnarani tunalipia kasi ya kutosha. (Msimamizi wa mitambo, Newala)

Maghala yenu yanaiona Newala, lakini hayaonani yenyewe kwa yenyewe. Ghala moja likisema, jingine halisikii, linadhani hewa iko wazi, nalo linaanza. Fremu zinagongana mnarani, hakuna anayeitikiwa, wote wanarudia. Watumiaji wanapokuwa wachache migongano ni michache. Siku ya mnada inazaana.

Kuna njia ya kuomba ruhusa kabla ya kusema, ile iliyoandikwa RTS kwenye mipangilio. Inasaidia kwa umbali mdogo. Kwa kilomita 18 tusingeitegemea, kwani inaongeza ishara fupi mbili kwa kila mazungumzo, na kila kwenda na kurudi ni maikrosekunde 120. Tena muda wa kungoja lazima umfae wa mbali kabisa, basi na yule wa kilomita 3 anailipia safari ya kilomita 18.

Hamisheni mtandao mzima kwenye mfumo wa zamu, ambapo mnara ndio unaogawa nani aseme lini na kwa muda gani: Nv2 kwa MikroTik, airMAX kwa Ubiquiti. Hakuna kugongana, hakuna kubahatisha zamu, na itikio la kila fremu haliwindwi kwa saa ya maikrosekunde. Masharti ni kwamba redio zote ziwe za familia moja. Kwenye Nv2, `nv2-cell-radius` huja ikiwa 30, kwa kilomita, wekeni 20. Muda wa mzunguko mmoja wa zamu huja milisekunde 2. Mkiuongeza mnapata kasi zaidi, lakini kila ghala linangoja zaidi, jambo ambalo mtu anayejaza fomu kwenye tovuti hulihisi mara moja. Anzeni na 2, mjaribu 4. Badilisheni ghala la mbali kwanza na mnara mwisho, usiku, mtu wa ghalani akiwa ameshika simu.

Mkipata fedha ya antena ya pili mnarani, watengeni wa karibu na wa mbali, kila kundi na chaneli yake.

Simu yangu ya 4G nikiwa baharini mbali na Kilwa Kivinje bado inafanya kazi. Kwa nini yenyewe haisumbuliwi na huo umbali? (Mvuvi, Kilwa)

Kwa sababu mnara wa simu huiambia simu yako iwahi kusema. Kila simu hupewa kipimo cha kutanguliza, kwa hatua za mita 78 hivi, hadi kilomita 100, ili sauti za simu zote zifike mnarani zikiwa zimelingana. Itikio la 4G ya kawaida lina saa yake maalumu: milisekunde 4 baada ya data, haliwahi wala halichelewi. Na wakati wa kulingoja mtumaji hakai bure. Ana mazungumzo 8 sambamba, moja likingoja mengine yanaendelea. Kinachokukata baharini ni mnara kuzama chini ya upeo na mawimbi kudhoofika.

Chama chetu kimefunga vihisi 60 vya LoRa (redio za masafa marefu na kasi ndogo) vya joto na unyevu katika maghala, lango moja la kupokelea liko juu ya tangi la maji. Kila kihisi kinatuma baiti 20 kila dakika 10. Tulipoanza na vihisi 5 hakikupotea kitu. Sasa tunapoteza theluthi ya vipimo, na aliyetufungia anasema tuwashe uthibitisho kwa kila ujumbe. Umekwisha washwa! (Katibu, Tandahimba)

Ndugu katibu, uzimeni leo. Uthibitisho huo ndio unaopoteza vipimo vyenu.

Lango la LoRa husikia vihisi kadhaa kwa wakati mmoja, lakini likisema, halisikii hata kimoja. Kwenye kasi ya polepole, SF12, itikio tupu ni sekunde 0.99 hewani, na ujumbe wenu wa baiti 20 ni sekunde 1.81. Vihisi 60 kila dakika 10 ni ujumbe mmoja kila sekunde 10. Ujumbe hupotea ukigusana na lango likiwa linasema, hata kwa ncha tu. Kwa hiyo dirisha la hatari ni 0.99 ongeza 1.81, sekunde 2.8 katika kila 10. Hiyo ni asilimia 28, kabla hamjahesabu vihisi kugongana vyenyewe. Kisha kihisi kisichoitikiwa hungoja sekunde 1 hadi 3 na kurudia, mara nyingi hadi jumla ya 8, na kila marudio yanaomba itikio jingine. Kwa SF7, kasi ya haraka, ujumbe ni sekunde 0.072 na itikio 0.041, dirisha lile lile linakuwa asilimia 1 na nukta kidogo.

Kuna na ukomo wa kusema. Katika mpango wa masafa ya 868 MHz uliotungwa Ulaya, ambao vifaa vingi huja nao, chaneli za kawaida zinaruhusu asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 0.6 kwa dakika. Itikio moja la SF12 kila dakika haliingii humo. Lango linakimbilia dirisha la pili la kihisi kusikiliza, linalofunguliwa sekunde 2 baada ya ujumbe kwenye 869.525 MHz, ambako ukomo ni asilimia 10: sekunde 6 kwa dakika. Maitikio yenu 6 kwa dakika ni sekunde 5.95. Mko ukingoni, na marudio yote yanaangukia nje. Tena dirisha hilo huja limepangwa SF12 hata kwa kihisi kilichosema kwa SF7. Masafa na nguvu mnazoruhusiwa kwetu waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuongeza lango lolote.

Badala yake, kila ujumbe ubebe kipimo cha sasa pamoja na viwili vilivyotangulia. Joto baiti 2, unyevu baiti 2, mara tatu: baiti 12, bado ni chini ya 20 zenu. Ikiwa ujumbe 1 kati ya 10 unapotea kwa nasibu, kipimo hupotea kabisa pale tu zinapopotea tatu mfululizo, 1 kati ya 1,000. Ujumbe una namba ya mfuatano tayari. Seva iitumie kujua pengo liko wapi.

Mkitaka kumbukumbu kamili, fanyeni kama Wi-Fi inavyofanya na mafungu. Kihisi kihifadhi vipimo vya siku, 144 kwa idadi. Mara moja kwa siku seva ikitumie biti 144, baiti 18, kila biti ikieleza kipimo fulani kimefika au la, kisha kihisi kirudie vilivyokosekana tu. Kwa SF12 ujumbe huo ni sekunde 1.65, kwa vihisi 60 ni sekunde 99 kwa siku nzima. Kuitikia kila ujumbe kungechukua zaidi ya saa 2 na dakika 20. Uthibitisho wa papo hapo muuache kwa kengele ya moto au mlango uliovunjwa, na marudio yasizidi 3.

Msihofu kwamba kihisi kitakuwa kinasema na ukuta. Mpango wa kujirekebisha kasi, ADR, ukiwa umewashwa, kihisi kisichosikia chochote kwa jumbe 64 huomba chenyewe kuitikiwa, na kikikosa kwa 32 zaidi huanza kuongeza nguvu au kupunguza kasi.

Mambo mawili ya mkono. Pandisheni antena ya lango juu ya paa na miembe, kwa kuwa kila kihisi kinachotoka SF12 kwenda SF7 kinapunguza muda wake wa hewani mara 25. Na kama vihisi vinategemea umeme wa ghala, wekeni uchelewesho wa nasibu wa sekunde 0 hadi 600 vinapowaka; la sivyo umeme ukirudi baada ya kukatika, vyote vinazungumza sekunde ile ile na vinaendelea hivyo kila dakika 10.

Ofisi yetu inatumia ruta ya 4G juu ya mlingoti. Kupakua ni megabiti 40, kupakia 1.2. Mtu mmoja akituma picha au video, wengine wote wanashuka hadi 3 kwenye kupakua. Mbona anapakia yeye, tunaumia sisi tunaopakua? (Mhasibu, Liwale)

Anayepakua naye anapakia: anapakia maitikio. Hapa tumepanda ngazi. Haya si ya redio, ni ya TCP, kanuni ya kupelekeana data kati ya kompyuta yako na seva. Megabiti 40 ni pakiti 3,300 hivi kwa sekunde. Kompyuta huitikia angalau kila pakiti ya pili, maitikio 1,650, kila moja baiti 52. Hiyo ni karibu megabiti 0.7 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya njia yenu ya kupakia, hata kabla ya picha ya mtu. Video ikiingia kwenye foleni, maitikio yanakaa nyuma yake sekunde nzima, na seva isiyoitikiwa inaacha kutuma.

Habari njema ni kwamba maitikio ya TCP ni ya jumla: la mwisho hubeba habari za yote yaliyotangulia. Yakiwa kumi kwenye foleni, tisa yanaweza kutupwa. Ruta ikiwa na OpenWrt, sakinisha `luci-app-sqm`, chagua kiolesura cha 4G, foleni ya `cake`, hati ya `piece_of_cake.qos`. Pima kupakia jioni, saa mbili hadi saa nne, mtandao unapoelemewa. Chukua kipimo cha chini kabisa, uweke asilimia 85 yake. Kama ni 1.0, andika 850, kwa kuwa kipimo ni kilobiti. Usiweke kasi ya alfajiri: foleni itahamia ndani ya modemu, ambako `cake` haina mkono. Kupakua acha 0. Kwenye chaguo za ndani za upande wa kupakia andika `ack-filter`. Lile jingine lenye `aggressive` mwishoni liache.

Hakiki kwa `tc -s qdisc` huku mtu akipakua faili kubwa. Mstari wa `ack_drop` ukipanda, kichujio kinafanya kazi. Ukibaki sifuri, angalia mambo mawili: huenda neno limeandikwa upande wa kupakua, au trafiki inapita ndani ya VPN au QUIC (mbadala wa TCP), ambamo maitikio yamefungwa kwa usimbaji na ruta haiyatambui. Kwa hali hiyo ya pili acheni mpangilio wa asilimia 85 ulivyo. `Cake` bado itampa kila mtu foleni yake, na video ya mmoja haitakaa tena mbele ya maitikio ya wenzake.